Shahada ya Takwimu, Kazi ya Katoni

Nilihitimu chuo kikuu kwa shahada ya takwimu, na kazi ya kwanza iliyonilipa mshahara ilikuwa kushusha katoni kutoka kwenye malori na kuzipanga ghalani. Kabla ya hapo nilikaa nyumbani kwa muda uliotosha kuimaliza subira ya kila mtu, ikiwemo yangu. Naandika kwa ajili yako wewe mwenye shahada ambaye leo unafanya kazi ambayo tangazo lake halikuomba chuo chochote. Mimi nimetoka humo, ila nilitoka polepole, na kwa njia ambayo sikuwahi kuisikia kwa mhadhiri yeyote. Laiti ningeambiwa mapema jambo moja: mwajiri wako anayefuata haanzi kwa kusoma shahada yako. Anaanza na kazi unayoifanya sasa. Kwa hiyo kazi hiyo, hata ukiichukia, ndiyo utakayosomwa nayo.

Aliyenidokeza kuhusu ghala ni rafiki yangu aliyekuwa tayari ameajiriwa pale. "Kwenye wasifu wako toa hiyo digirii, ndugu yangu," akaniambia. "Wakiiona watasema huyu hatadumu." Kauli hiyo ilininyima usingizi. Miaka yote ile ya mitihani na ada za wazazi, halafu unafika mahali elimu inageuka kitu cha kufichwa. Mwishowe niliandika wasifu wa ukurasa mmoja uliotaja vibarua nilivyowahi kufanya, ujuzi wa kompyuta na utayari wa kufanya kazi kwa zamu. Shahada nikaiacha.

Siku ya usaili nilipewa fomu yenye kipengele cha kiwango cha juu cha elimu. Hapo nilijaza ukweli, na nakusihi nawe ufanye hivyo. Wasifu ni wako, unachagua cha kutanguliza na cha kuacha. Fomu yenye sahihi yako ni tamko, na ukiijaza uongo umemkabidhi mwajiri sababu ya kukufukuza siku yoyote atakayoihitaji. Ofisa utumishi aliisoma, akaniangalia, akauliza nitakaa muda gani. Nilimweleza kwamba natafuta kazi ya fani yangu na nitaendelea kuitafuta, ila nitamaliza mwaka, sitakosa zamu, na nikipata kwingine nitatoa taarifa ya mwezi mzima. Alifikiri kidogo kisha akanipa karatasi za mkataba. Naamini hofu yake ilikuwa kuachwa ghafla zamu ikiwa imejaa mizigo. Ningemwahidi kubaki daima, asingeniamini.

Ndani ya ghala sikudharauliwa na mtu. Aibu ilinisubiri nje. Kundi la simu la wenzangu wa darasani lilijaa picha za vitambulisho vipya vya kazi na salamu za pongezi, nami nilikuwa nasoma kila ujumbe bila kujibu. Mama akipiga simu aliuliza kama ofisini wananitunza, nami nikajibu, "Wananitunza, mama." Ghala lilikuwa na kiofisi pembeni, na nilijishawishi kuwa huo si uongo kamili. Siku nilipomweleza ukweli alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama mgongo unaniuma. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama. Swali hilo ndilo lililonitoa machozi.

Kuficha kulinigharimu kwa namna nyingine ambayo wengi hatuifikirii. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha makala iliyokuja kusomwa sana, akieleza jinsi watu wa taaluma katika mji mmoja wa Marekani walivyopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Wengi wao hawakusaidiwa na ndugu wala rafiki wa karibu. Walisaidiwa na mtu wanayeonana naye mara mojamoja, au kwa nadra kabisa. Ukitafakari inaeleweka: rafiki yako wa karibu anajua nafasi zilezile unazozijua wewe, ila mtu wa mbali anatoka kwenye duara jingine na ana habari nyingine. Sasa mtu huyo wa mbali atakufikishiaje habari ya kazi, kama anaamini umeshakaa pazuri? Nilipoacha kujificha na kuwaambia watu waziwazi kuwa niko ghalani na natafuta kazi ya uchambuzi wa data, simu za kunijulisha nafasi zilianza kuingia. Nyingi hazikuzaa kitu. Lakini kabla ya hapo hazikuwepo kabisa.

Kuna kitu kingine kinachomwangusha mtu wa hali hii, nacho ni uchovu. Tulio nje tunadhani mtu anaacha kutafuta kazi kwa kukata tamaa. Mara nyingi anaacha kwa sababu mwili umekwisha. Unarudi jioni mikono inatetemeka, unafungua kompyuta uandike barua ya maombi, unaandika sentensi ileile uliyoiandika juzi, unatuma ili mradi umetuma. Barua za namna hiyo hazijibiwi, na kila ukimya unakuondolea nguvu ya kuandika nyingine. Kilichonisaidia ni kuandika kabla ya zamu, hata kama ni nusu saa tu, akili ikiwa bado nzima, na kutuma maombi machache yaliyolengwa badala ya kumwaga karatasi kila kona. Mapumziko yangu nayo niliyalinda. Mtu aliyechoka husikika amechoka hata kwenye usaili.

Mtu wa takwimu akiumia hutafuta namba, nami nilizitafuta. Shirika la Kazi Duniani lina mfumo wa kupanga kazi zote katika makundi makuu 10 na viwango 4 vya ujuzi, toleo lake la sasa likiwa la 2008. Wabeba mizigo wa maghala wana msimbo 9333, kiwango cha kwanza, cha chini kabisa. Makarani wa stoo ni 4321, kiwango cha pili. Wanatakwimu wako 2120, kiwango cha nne. Kujiona pale, ngazi tatu chini ya cheti changu, kuliniuma. Kulinisaidia pia, maana kabla ya hapo niliona pengo moja kubwa lisilovukika, na sasa niliona kwamba kati ya 9333 na 2120 kuna vituo.

Kilichonitisha zaidi ni tafiti kuhusu waajiri wenyewe. Nchini Marekani watafiti wamekuwa wakituma kwa waajiri maelfu ya maombi ya kazi ya watu wa kubuni, wasifu ukifanana karibu kila kitu isipokuwa historia ya ajira, kisha wanaangalia nani anaitwa. David Pedulla alichapisha utafiti wa aina hiyo mwaka 2016 na kukuta kwamba mwombaji aliye kwenye kazi iliyo chini ya ujuzi wake anaadhibiwa karibu sawa na aliyekaa mwaka mzima bila kazi. Soma tena hapo. Tunaambiwa kila siku "bora kazi yoyote kuliko kukaa", na kwa tumbo na kodi ya nyumba ni kweli kabisa. Kwa macho ya mwajiri anayefuata si lazima iwe kweli. Anaona cheo cha mwisho, anahitimisha kuwa hicho ndicho kimo chako, anageuza karatasi.

Sisemi uikatae kazi. Mimi nilikuwa na njaa ya kipato na ningeichukua tena. Ninachosema ni kwamba ukishaingia, usiiache ijieleze yenyewe kwa cheo chake. Neno "mbeba mizigo" kwenye wasifu halina mlango wa kutokea. Lazima uweke chini yake kitu ambacho mbeba mizigo wa kawaida haandiki, na kitu hicho lazima uwe umekifanya kweli.

Kwangu kitu hicho kilitokana na kero ya kila siku. Kompyuta inasema bidhaa ipo, unakwenda kwenye rafu haipo, na mteja anasubiri. Kila mtu alikuwa na maelezo yake: wizi, programu mbovu, uzembe wa zamu ya usiku. Zamu ya usiku ndiyo iliyobeba lawama nyingi. Nilianza kuandika kwenye daftari kila tofauti niliyokutana nayo: jina la bidhaa, rafu, zamu, na mara ya mwisho ilipoguswa. Hakuna aliyeniagiza. Kurasa zilipojaa nilizipanga, na ikaonekana kuwa tofauti hazikutawanyika ghala zima. Zilirundikana kwenye bidhaa zinazopokelewa kwa katoni na kutolewa kipande kimoja kimoja. Mpokeaji akiingiza katoni 10 kama vipande 10, au mtoaji akitoa kipande kimoja akakiandika kama katoni, hesabu inaharibika bila mtu kuiba chochote. Na zamu ya usiku ilionekana mbaya kwa sababu ndiyo iliyoshughulikia sehemu kubwa ya bidhaa za aina hiyo. Ukilinganisha bidhaa za aina ileile, zamu zote zilikosea kwa kiasi kinachokaribiana. Watu walikuwa wamekatwa marupurupu kwa tuhuma hiyo. Nilipoliona jambo lile sikuweza kulinyamazia.

Nisingelifikia peke yangu. Kulikuwa na mzee mmoja aliyeanza kazi pale kabla mimi sijaanza shule, na ndiye aliyenifundisha kuiangalia katoni kabla ya karatasi. "Mwanangu," aliniambia, "karatasi inaandikwa na mtu aliyechoka. Fungua uhesabu." Alizijua kwa macho bidhaa zote zenye tabu, na sababu zake, na aliwahi kusema bila kusikilizwa. Daftari langu lilithibitisha mengi kati ya aliyoyasema. Ukiingia kazi ya aina hii ukidhani wenzako hawana la kukufundisha kwa kuwa hawakufika chuo, watakuacha ulivyo, na utakuwa umejinyima ujuzi ambao hauko kwenye kitabu chochote. Walipojua nimesoma walianza kuniita "msomi". Mwanzoni jina hilo lilinichoma. Likazoeleka, na baadaye wakawa wananiletea karatasi zao za mshahara niwaangalizie makato.

Mapendekezo yangu yalikuwa mawili. La kwanza, kila rafu ya bidhaa hizo iwekwe kibandiko kikubwa kinachosema katoni moja ina vipande vingapi, na kwenye kompyuta kipimo kionekane wazi kabla ya kuingiza idadi. La pili, badala ya kusubiri zoezi kubwa la kuhesabu mali mwisho wa mwaka, tuhesabu kwa mzunguko: bidhaa zinazotoka sana zihesabiwe mara kwa mara, zinazolala zihesabiwe kwa nadra. Ni mbinu ya kawaida kwenye maghala makubwa, sikuigundua mimi.

Msimamizi wangu hakufurahi. Alihisi natafuta kiti chake. Nilikuwa nimempelekea kwa maandishi, kwa heshima, yeye kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, na karatasi ilikuwa na tarehe. Aliikalia, kisha akaiwasilisha kwa wakubwa kama kazi yake. Niliumia sana. Siku kadhaa nilifanya kazi bila kusema na mtu. Lakini tarehe ile ilikuja kunisaidia, kwa sababu meneja alipouliza maswali ya kina msimamizi hakuweza kujibu, ikabidi niitwe, na barua yangu ikasomwa. Kwa hiyo andika, weka tarehe, bakiza nakala ya barua yako, na usimruke aliye juu yako. Ukimruka, hata kama una haki, mazungumzo yote yatageuka kuwa kuhusu adabu yako, na hoja itazikwa.

Nilihamishiwa ukarani wa stoo. Mshahara ulipanda kidogo mno, kiasi ambacho hakikutosha hata kubadilisha chumba nilichopanga. Ila sasa nilikuwa 4321, na nilikuwa nafanya kazi yenye namba ndani yake. Tofauti niliihisi kichwani. Kwa miezi ya kubeba nilikuwa nimeanza kusahau vitu nilivyovifanyia mitihani, nikawa mvivu hata wa kusoma ukurasa mmoja mgumu. Nilidhani ni tatizo langu la tabia, hadi niliposoma kuhusu utafiti wa Melvin Kohn na Carmi Schooler wa mwaka 1978. Waliwafuatilia wanaume walewale kwa miaka 10 na kuonyesha kuwa ugumu wa kazi na wepesi wa akili huathiriana pande zote mbili: kazi isiyokudai kufikiri hupunguza wepesi wa kufikiri. Kwa hiyo usijilaumu ukihisi akili inalala. Ilishe kwa makusudi. Mimi nilichagua kitu kimoja tu, programu ya uchambuzi wa data niliyoigusa kidogo chuoni, nikaifanyia mazoezi kwa data za wazi za serikali na mashirika ya kimataifa. Data za mwajiri sikuzigusa. Usitoke kamwe na faili za kazini ili kuonyesha uwezo wako kwa mwingine. Tengeneza mfano wa data za kubuni unaofanana na tatizo ulilotatua. Mwajiri makini ataona uwezo, na ataona pia kuwa siri zake zitakuwa salama kwako.

Katika kipindi hicho nilishawishika sana kurudi chuo kuchukua uzamili kwa mkopo. Wenzangu kadhaa walifanya hivyo. Kwa baadhi ya fani ni sawa, hasa pale ambapo sheria au bodi ya taaluma inakudai cheti hicho ili ufanye kazi. Kwangu isingekuwa dawa. Kilichonikwamisha ni kukosa ushahidi wa kazi, na shahada ya pili juu ya ya kwanza ingenirudisha sokoni nikiwa na deni kubwa na ushahidi uleule. Greg Duncan na Saul Hoffman walikokotoa mwaka 1981, kwa data za Marekani, kwamba mwaka wa masomo usiohitajika na kazi unayofanya huongeza kipato, lakini kwa karibu nusu tu ya mwaka unaohitajika. Matokeo hayo yana faraja pia: elimu yako ya ziada haijafa ukiwa ghalani, inaleta kitu, hata kama ni kidogo kuliko inavyostahili. Ila kuiongeza bila kupata kazi inayoihitaji ni kulipa bei kamili ya kitu utakachokitumia nusu. Wanaotaka fedha ili wakutafutie kazi wapishe tu, huko sitapoteza maneno.

Mlango ulifunguka kupitia wakaguzi wa hesabu wa nje, ambao huja kushuhudia kuhesabiwa kwa mali kila mwaka. Mmoja wao aliona majedwali ya mzunguko na maelezo ya tofauti, akauliza nani ameyaandaa. Tulizungumza kidogo tu, nikamwambia nimesomea nini na natafuta nini. Miezi ilipita. Kisha akanitumia ujumbe kwamba kampuni moja aliyowahi kuikagua inatafuta mchambuzi wa ngazi ya chini kwenye idara ya ugavi. Sikuwa na undugu naye wala urafiki. Kama ningekuwa bado naona aibu kutaja ninachofanya, mazungumzo yale yangeishia kwenye salamu.

Kwenye usaili swali la kwanza lilikuwa kuhusu ghala. Shahada iliulizwa mwishoni, kwa sekunde chache, waone cheti halisi. Muda wote uliobaki walitaka kujua niligunduaje kwamba tatizo si zamu ya usiku, nilijuaje kuwa si bahati nasibu, na wenzangu walipokeaje. Nilieleza pamoja na mchango wa yule mzee, na mmoja wa wasaili alisema waziwazi kuwa sehemu hiyo ilimvutia kuliko hesabu zenyewe.

Gharama hazikuisha siku ile. Nilianza kwa mshahara wa mhitimu mpya wakati wenzangu wa darasa walikuwa wameshapanda, na pengo hilo bado lipo. Mgongo wangu una kumbukumbu ya malori yale. Nina rafiki wawili, wote na shahada zao, ambao bado wako kule nilikotoka, na wanajitahidi kuliko nilivyojitahidi mimi. Sitakubali mtu aseme hawakutaka. Nafasi za kazi za kiwango cha shahada ni chache kuliko wahitimu katika maeneo mengi, na hakuna ujanja wa mtu mmoja unaoondoa ukweli huo. Ninayoyaeleza yanaongeza uwezekano tu.

Siku hizi mimi hushiriki kuchuja maombi ya kazi, na nakuomba, kama unaandika wasifu usiku huu, usiandike "karani wa stoo, majukumu: kupokea na kutoa bidhaa". Andika ulichokikuta kikiwa kibovu, ulichokifanya, na kilichobadilika, kwa namba kama unazo na una ruhusa ya kuzitaja. Mistari mitatu inatosha. Shahada iandike, na katika barua ya maombi eleza kwa sentensi moja, bila kuomba radhi, kwamba ulichukua kazi iliyokuwepo na unatafuta inayolingana na masomo yako. Na kama huna cha kuandika kwenye mistari hiyo mitatu, kesho ukifika kazini anza na kero inayorudiarudia kila wiki, ile ambayo kila mtu ana maelezo yake lakini hakuna aliyewahi kuihesabu.